Kitabu Kinasemaje?

Nina kitabu kisicho na gamba. Nilikinunua Kirumba, hapa Mwanza, kwa muuza vitabu vya mtumba anayetandaza turubai lake karibu na ukuta wa uwanja wa mpira, na hata yeye hakujua kinaitwaje. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimenyofoka zamani, kwa hiyo jina la kitabu sikulipata, wala la mwandishi. Ndani hakuna hadithi. Ni maswali tu, na chini ya kila swali pana jibu fupi: kwa nini jogoo huwika kabla jua halijatoka, kwa nini huwezi kujitekenya mwenyewe ukacheka, kwa nini ngozi ya vidole hukunjamana ukikaa sana majini.

Navipenda vitabu vya namna hii kupita kiasi, na sioni aibu kusema. Rafiki yangu mmoja anayekaa Butimba, msomi haswa, huniambia kwamba hivyo ni vitabu vya kusomea kwa kinyozi wakati unasubiri zamu yako. Namjibu kwamba kwa kinyozi ndiko watu wanakouliza maswali ya kweli. Ananicheka, lakini kila akija nyumbani hukichukua, na mara nyingi mke wangu huwa anamwita mezani mara mbili.

Kinachonivutia ni heshima. Mtu mzima akiuliza mbele ya wenzake kwa nini mbwa huzunguka kwanza kabla ya kulala, ataambiwa hana kazi ya kufanya. Sote tulikuwa na maswali kama hayo tukiwa wadogo, na sote tuliambiwa tunyamaze tule. Kitabu hakikwambii unyamaze. Kinalipokea swali lako kama limetoka kwa mtu mwenye akili timamu, kinakujibu kwa sentensi chache, halafu kinakuacha uendelee na shughuli zako. Wala hakikudai ukianze mwanzo. Unasoma jibu moja chai inapochemka, na chai ikiiva nawe umeelimika kidogo.

Kasoro yake ni moja tu. Ukishalijua jibu huwezi kutulia nalo, lazima umtafute mtu umwambie. Mwaka juzi, wakati wa mvua za vuli, mtu pekee aliyekuwa nyumbani mchana kutwa alikuwa mama mkwe wangu, na yeye ndiye mtu ambaye sikuruhusiwa kuzungumza naye.

Mke wangu ni Msukuma wa Magu, mimi ni Mjita, na kwa pande zote mbili mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Sikai naye chumba kimoja, sili naye, simpi mkono, simtazami usoni. Naye vivyo hivyo kwangu. Wapo vijana wa mjini wanaowakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha, siwalaumu, lakini sisi hatukulelewa hivyo. Tangu nilipooa nilikuwa nimeona mgongo wake, kanga zake na visigino vyake. Sura yake niliijulia kwenye picha ya harusi, na hata humo alikuwa ameinama.

Alikuja kwetu Kiseke kwa sababu ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha kabisa, la kushoto lilikuwa linaona ukungu. Hospitali walimpangia siku ya upasuaji wa jicho la kulia, na wakasema wazi kwamba likichelewa zaidi huenda hata upasuaji usisaidie. Ikabidi asubiri kwetu mpaka siku ifike.

Nyumba yetu si kubwa. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, anaondoka asubuhi na kurudi jioni. Binti yetu wa pekee alikuwa shule ya bweni. Kwa watu kama sisi, mtoto ndiye anayepeleka maneno kati ya wakwe, na sisi mpeleka maneno wetu alikuwa mbali. Mimi natengeneza simu na redio katika kibanda kilichoegemea ukuta wa sebule, na dirisha la sebule linafungukia ubavuni mwake. Kwa hiyo yeye alikaa ndani karibu na dirisha, mimi nikakaa nje na bisibisi zangu, tukawa tunasikiana mpaka pumzi bila kuonana.

Siku za kwanza zilikuwa mateso. Asubuhi nilisimama nje ya mlango nikiangalia chini, nikasema shikamoo mama. Sauti kutoka ndani ikasema marahaba, na maongezi ya siku nzima yakawa yameishia hapo. Nikitaka kuingia kuchukua waya, nilikohoa kwanza, nikasikia kiti kinaburutwa na kanga inapita kuelekea chumbani. Nikitoka, kiti kinarudi. Mchana nilimsikia akimimina chai kutoka kwenye chupa, na nilijua kwa mlio kwamba chai inaenda mezani, haiingii kikombeni. Nilikuwa mbali naye kwa unene wa tofali moja na sikuweza kusema "mama, sogeza kushoto". Iliniuma sana.

Kisha kikatokea kitunguu. Mteja mmoja alikuwa anasubiri simu yake, nami nikaona nimsomee kitu asinione nachelewa. Nikamsomea kwamba kitunguu kikikatwa hutoa hewa fulani, hewa hiyo ikikutana na unyevu wa jicho huwa kali, na jicho hutoa machozi ili lijioshe. Mteja alisema sawa, akachukua simu yake, akaenda. Nikarudi kwenye redio iliyokuwa mbele yangu. Ndipo sauti ikatoka dirishani, taratibu, kama mtu anayejisemea peke yake.

"Na kitabu kinasemaje, vitunguu vya wapi hivyo? Maana vya kwetu vinaliza hata aliyekaa mbali."

Nilibaki na bisibisi mkononi. Kumjibu ilikuwa kuvunja mila, kutomjibu ilikuwa kukosa adabu. Lakini nilipofikiri vizuri, hakuwa ameniuliza mimi. Alikuwa amekiuliza kitabu. Nikakiinua mpaka kikaziba uso wangu, ingawa ukuta ulikuwa umeshanificha, nikasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "Kitabu hakijataja vya wapi. Kinasema hewa husambaa chumbani."

"Ahaa," likasema dirisha.

Basi tukaanzia hapo. Kila siku mke wangu akishaondoka na mimi nikishafungua kibanda, dirisha lilingoja kidogo kwa heshima, halafu likauliza. Kitabu kinasemaje kuhusu jogoo? Nikasoma kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake inayomwambia kunakaribia kucha. Akasema afadhali, maana siku zote alidhani jogoo wake anawafuatiza wa jirani. Kitabu kinasemaje kuhusu samaki, mbona hafumbi macho hata akifa? Nikasoma kwamba sangara na sato hawana kope, hata usingizini macho yako wazi. Akasema kumbe miaka yote hiyo samaki kwenye kikaango alikuwa anamtazama kwa kukosa kope, si kwa kumlaumu. Nilicheka nikaangusha skrubu, na sikuipata tena.

Alikuwa msikilizaji mkali. Nilipofika kwenye ng'ombe kucheua, nikaanza kueleza habari za tumbo lenye vyumba vinne, dirisha likasema hilo wanalijua tangu enzi za babu zao, wamechinja ng'ombe wangapi, kitabu kiendelee mbele. Siku moja akauliza nani aliyapandanisha mawe ya Mwanza, yale makubwa yaliyokaa juu ya mengine kama yamewekwa kwa mkono. Nilitafuta kitabu kizima, halimo. Nikasema kitabu hakina. Hakukasirika. Alisema basi kimeandikwa na mtu wa mbali, lakini kinastahili pongezi, kwa sababu kisichojua kinasema hakijui. Watu wengi hawawezi hivyo.

Mke wangu alipogundua, alicheka mpaka akakaa chini. Aliniuliza tangu lini tunaongea. Nikamwambia hatuongei, mama anakiuliza kitabu. Akasema haya, na akaniomba kitabu kijaribu kumshawishi mama yake ale mboga.

Lakini siku ya upasuaji ilipokaribia, kicheko kiliisha nyumbani. Jioni moja nilisikia mama na mwana wakivutana jikoni kwa Kisukuma, kisha mke wangu akanijia kibandani machozi yakimlenga. Mama alikuwa amefunga mizigo. Anataka kurudi Magu, hataki upasuaji, na hataki kusema sababu. Kila akiulizwa anasema neno moja tu, kwamba ameshaona vya kutosha. Mke wangu alijaribu kubembeleza, akajaribu kufoka, akajaribu hata kumpigia simu mjomba. Wapi. Nilimwonea huruma mke wangu, na nilimwogopea mama yake, kwa sababu nilijua kinachofuata. Angerudi kijijini kukaa gizani, akimimina chai mezani mpaka mwisho wa maisha yake.

Kesho yake dirisha lilichelewa kuuliza. Nilifungua redio ya mtu, nikaifunga, nikaifungua tena. Hatimaye sauti ikaja, ndogo kuliko siku zote.

"Kitabu kinasemaje kuhusu jicho? Likishang'olewa likaoshwa, wanajuaje kulirudisha lilivyokuwa? Likikaa upande, si mtu ataona upande?"

Kumbe ndilo hilo. Mtu fulani kijijini alikuwa amemwambia kwamba kwenye upasuaji jicho hutolewa nje, husafishwa kwenye beseni, kisha hurudishwa. Alikuwa amebeba hofu hiyo njia nzima kutoka Magu na kukaa nayo dirishani kwangu wakati tunaongea habari za majogoo. Hakuweza kumuuliza binti yake, kwa sababu binti ni mwalimu na angeshangaa. Hakuweza kumuuliza daktari, kwa sababu daktari ana haraka. Alimuuliza yule asiyeshangaa na asiye na haraka. Nikakishika kitabu kile kibovu kwa mikono miwili, na nakiri sijawahi kukipenda kitu cha karatasi namna ile.

Tatizo, swali hilo halimo. Nililijua kabla hata ya kutafuta. Nikasema, kwa sauti ile ile ya redio, kwamba kitabu ni kinene na kurasa zimechanganyika, swali hilo litatafutwa na kesho litajibiwa. Kisha nikafunga kibanda mchana mweupe, nikaenda hospitali.

Mapokezi nilimkuta muuguzi mmoja mwanamume, mtu mzima, nikamweleza shida yangu. Hakucheka. Alinichorea jicho kwenye kiganja chake kwa kidole, akanieleza polepole, akanifanya nirudie aliyosema. Njia nzima ya kurudi Kiseke nilikuwa nayarudia maneno yake kwa sauti, na watu walinipisha.

Asubuhi nilifungua kitabu kwenye ukurasa wa miayo, kwa sababu ndio uliokuwa umelegea ukikaa wazi bila kushikwa. Nikauchapa kwa kiganja ili dirisha lisikie karatasi. Nikasoma kisichoandikwa. Nikasoma kwamba jicho halitolewi hata kidogo, linabaki pale pale lilipoumbwa. Kwamba ndani ya jicho kuna kitu kidogo kama kioo, na hicho ndicho kilichoingia ukungu. Daktari hutia dawa jicho likafa ganzi, hufungua mlango mdogo sana, hutoa kile kioo cha ukungu na kuweka kipya kinachopitisha mwanga. Mgonjwa anaweza kusikia anaguswa, lakini hatakiwi kusikia maumivu, na akiyasikia aseme, ataongezewa dawa. Jicho halikai upande.

Nilisikia kanga ikikunjwa na kukunjuliwa.

"Na aliyeandika kitabu," dirisha likauliza, "yeye alishafanyiwa?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. "Kitabu hakijasema," nikajibu.

"Ahaa," likasema dirisha. Halikuuliza jambo lingine siku ile. Lakini jioni mke wangu alikuta mizigo imefunguliwa na nguo zimerudishwa kwenye kamba, na alidhani mjomba ndiye aliyefanikiwa.

Siku ya upasuaji mke wangu aliongozana naye mwenyewe. Siku ya kufunguliwa bandeji hakuweza, alikuwa anasimamia mitihani ya darasa la nne, na hapakuwa na mtu mwingine isipokuwa mimi. Nilimwongoza mama mkwe kwa fimbo yake, mimi nimeshika ncha moja mbele, yeye ameshika ncha ya pili nyuma, ili tusigusane. Kwenye bajaji nilijibanza mbele na dereva. Kitabu nilikiweka mfukoni kwa ajili ya foleni, sikuwa na wazo jingine.

Nesi aliyetupokea alikuwa binti mchangamfu na mwepesi. Nilitaka kubaki korido, akanivuta shati, akaniambia ndugu wa mgonjwa asikimbie. Akanisimamisha mbele ya kiti kabisa. Nikasema "nesi, samahani", lakini alikuwa ameshaanza kubandua plasta. Aliondoa pamba, akapangusa jicho, akasema, "Bibi, fungua taratibu. Huyu aliyesimama mbele yako unamwona?"

Mama mkwe akafumbua. Kabla sijapata pa kuangalia, alishavuta kanga na kujifunika uso wote, akainama mpaka kifua kikagusa magoti.

"Bibi, unaona au huoni?" nesi akauliza. Kimya. Akamwonyesha vidole, akamwomba ainue kichwa, akamwita bibi, akamwita mama. Kimya. Uso wa nesi ukabadilika. Aliniangalia, akasema kwa sauti ya chini kwamba itabidi amwite daktari, huenda jicho limekataa.

Niliona mizigo ikifungwa tena, nikaona chai ikimwagika mezani. Mimi ndiye niliyemfikisha kwenye kiti kile, kwa ukurasa usiokuwepo. Niliangalia chini kwa uchungu, na kwa kuwa niliangalia chini niliuona mkono wake. Ulitoka chini ya kanga, ukateremka kwenye goti, na kwa ncha za vidole viwili ukaokota kijiuzi cheupe cha pamba ya hospitali kilichokuwa kimeganda kwenye kitenge chake. Ukakitupa pembeni.

Nilitamani kupiga kelele kwa furaha. Mtu asiyeona hauoni uzi ule. Alikuwa anaona kila kitu, na jambo la kwanza aliloletewa mbele ya jicho jipya lilikuwa mkwewe, uso kwa uso. Kusema haoni ingekuwa uongo. Kusema anamwona ingekuwa aibu. Basi akafanya kama mimi siku ya kitunguu, akajificha kwa kilichokuwa karibu.

Nikatoa kitabu mfukoni nikakiweka juu ya meza ya nesi. "Mpe asome," nikasema, na nikatoka nje kabla hajanishika tena.

Korido ilikuwa imejaa watu. Nilisimama ubavuni mwa mlango, mahali nilipozoea, ambapo ninasikia bila kuonekana. Nilisikia nesi akikifungua kitabu, nacho bila shaka kilifunguka pale kinapofunguka chenyewe. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ya mama mkwe akisoma. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye ghala la pamba, wakati wa madarasa ya watu wazima, na alikuwa hajasoma kwa miaka mingi. Alilivuta neno moja moja. "Kwa nini... tunapiga... miayo." Nesi akapiga makofi. Watu wa korido wakageuka, na mimi nikajipangusa uso kwa mkono wa shati.

Mama mkwe hakusimama hapo. Aliendelea na jibu la miayo mpaka mwisho, polepole, na sikusikia ukurasa ukigeuzwa. Najua alikuwa anautazama ukurasa wenyewe, ukurasa uliopinda kwa viganja vyangu. Akamwomba nesi amtafutie swali la jicho. Nilisikia kurasa zikigeuzwa, nesi akinung'unika, ng'ombe, kitunguu, mbwa, jogoo. Akafika mwisho, akarudi mwanzo kulikonyofoka.

"La jicho halimo humu, bibi."

Nilikumbuka alivyokisifu kitabu kwa kutodanganya. Nilisikia kanga ikikunjwa, ikikunjuliwa. Kisha akazungumza kwa sauti kubwa kidogo, sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka nje ya mlango.

"Basi mwambieni aliyenijibu kwamba nimemwona."

Nilibaki pale koridoni, nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa.